Jina la Muhogo

Wapenzi wa lugha, naanza na jambo dogo ambalo kila mmoja wenu analijua ingawa huenda hajalifikiria. Tukitaka kutaja rangi kwa Kiswahili, mara nyingi twenda shambani. Kijani kimetoka kwenye jani. Manjano ni kile kiungo cha mchuzi tunachokichimba ardhini. Zambarau ni tunda la mzambarau, kahawia imetoka kwenye kahawa, na rangi ya machungwa haihitaji maelezo. Tukimtaja mtu ambaye si mweusi sana wala si mweupe, twasema ana rangi ya maji ya kunde. Waliotutangulia walitazama walichopanda, walichochuma na walichopika, wakapata maneno ya kuutaja ulimwengu wote uliosalia.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30, tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipokabidhi chaki. Katika miaka yangu ya mwisho darasani niliwauliza wanafunzi wa kidato cha pili: haya maji ya kunde yana rangi gani hasa? Wote walijua kuwa maneno hayo husemwa juu ya ngozi ya binadamu. Nilipowataka waeleze maji yenyewe, mmoja alisema ni kama chai ya maziwa, mwingine akasema ni kama mchanga wa pwani, na waliosalia wakanyamaza. Kunde walikuwa wamezila, lakini zikiwa zimekwisha kuungwa kwa nazi. Hawakuwahi kusimama karibu na chungu zinapochemka wakaona jinsi maji yanavyobadilika. Neno walikuwa nalo, chungu hawakuwa nacho.

Tunapozungumzia kuhifadhi mazao ya asili, wataalamu wa kilimo hutaja lishe, ukame na magonjwa, nao wana haki. Sisi watu wa lugha tuna la kuongeza. Mazao hayo ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya msamiati wetu, methali zetu na mafumbo yetu, na zao likiondoka, neno lake hubaki kwa muda kama mtu aliyekosa ndugu. Nitalieleza jambo hili kwa mfano mmoja tu, muhogo, kwa sababu ndio ninaoujua, na kwa sababu umeniletea nyumbani swali ambalo sikuweza kulikwepa.

Kwetu ni Muheza, mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Wageni huijua Muheza kwa machungwa, na wazee huikumbuka kwa mkonge. Lakini kinachoshibisha nyumba nyingi katika miezi ya njaa ni muhogo: wa kuchemsha, wa kuchoma, wa futari, na bada, yaani ugali wa unga wa muhogo. Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka kumi, amelima kipande kisichofika ekari moja tangu alipoolewa. Nilipostaafu na kurudi nyumbani nilimkuta na aina 11 za muhogo katika kipande hicho. Mimi niliona shamba moja la majani yanayofanana. Yeye alikuwa akipita kati ya mistari na kuzitaja moja moja kama mtu anayewasalimia jirani zake. Alizitambua kwa rangi ya kikonyo cha jani, kwa ngozi ya shina, kwa macho yalivyokaribiana katika pingili, na kwa jinsi ganda linavyobanduka kisu kinapoanza kazi.

Nakiri kwamba majina ndiyo yaliyonivuta kwanza, kabla ya ladha. Nilinunua daftari nikaanza kuandika. Niliona kwamba majina yale yana kanuni, ingawa hakuna kamati iliyokaa kuyatunga. Baadhi yametokana na mtu: aina moja iliitwa kwa jina la mama mkwe wa dada yangu, kwa sababu ndiye aliyekuja na mzigo wake wa pingili kichwani kutoka Handeni alipoolewa. Mengine yametokana na mahali mbegu ilikotoka. Mengine yametokana na tabia ya mmea: unaowahi kukomaa, unaosumbua kung'olewa, unaoungua chunguni usipoangaliwa. Moja lilikuwa neno la Kibondei cha zamani ambalo hata dada yangu hakuweza kulieleza. Alilipokea kwa mama yake pamoja na pingili, akavitunza vyote viwili.

Kanuni hizo haziishii kwenye muhogo. Mwenye kuzoea masoko yetu anajua embe dodo, embe bolibo, embe sindano na embe sikio la punda. Anajua ndizi mkono wa tembo, bokoboko, mzuzu na kisukari. Wakulima wa mpunga wa Tanzania wana aina waliyoiita Shingo ya Mwali, nyingine Rangi Mbili, na nyingine Kula na Bwana. Nawaomba washairi mlitazame jina hilo la mwisho. Katika maneno matatu mna wali, mna mapenzi, mna heshima, na mna hukumu ya mlimaji juu ya mchele unaofaa kuwekwa mbele ya mtu umpendaye. Tungo ngapi zetu hutumia beti kumi kusema hayo?

Mtu anaweza kunikatiza hapa na kusema kuwa muhogo si zao letu la asili. Ni kweli. Muhogo ulitoka Amerika Kusini, na ni Wareno walioufikisha Afrika. Mahindi nayo yalitoka Amerika, ingawa jina lake latuelekeza India. Waliokuwa wenyeji wa bara hili tangu kale ni mtama, uwele, ulezi, kunde na njugu mawe, na baadhi ya hao tumekwisha kuanza kuwasahau hata kwa majina. Vijana wengi leo hawawezi kutenganisha uwele na ulezi, na Mkenya akisema wimbi, Mtanzania hudhani anazungumzia bahari, kumbe ni ulezi ule ule. Lakini uasili wa zao hauko katika cheti cha kuzaliwa peke yake. Zao huwa la kwetu watu wanapojua namna ya kuishi nalo. Kwa upande wa muhogo, kujua huko ni jambo la uhai na kifo.

Kati ya zile aina 11, mbili zilikuwa chungu. Muhogo mchungu una kemikali ambazo hutoa sumu ya sianidi mzizi unapokatwa au kutafunwa, na katika ukame sumu hiyo huongezeka. Kwa nini basi mtu aupande? Dada yangu alinijibu kwa kifupi: nguruwe wa porini hawautaki, nyani hawautaki, na mwizi wa usiku akiuchimba hawezi kuuchemsha akala asubuhi. Muhogo mtamu ni wa mwenye shamba na wa kila apitaye. Mchungu ni wa anayejua.

Na anayejua hujua nini? Sikilizeni vitenzi: kuchimba, kumenya, kukata, kuloweka, kuvundika, kuanika, kutwanga, kuchekecha, kusonga. Kila kitenzi ni hatua ya kuiondoa sumu au ya kukiandaa chakula baada ya sumu kuondoka, na mpangilio wake haugeuzwi. Mzizi ukilowekwa au kuvundikwa siku kadhaa, kuta zake hulegea na sumu hupata njia ya kutoka. Ukianikwa juani, sehemu ya iliyosalia huenda na hewa. Ndipo yapatikanapo makopa yanayoweza kukaa ghalani na kugeuzwa unga bila hofu. Mwanamke aliyekuwa akimfundisha bintiye maneno haya kwa mfuatano wake hakuwa akimfundisha upishi peke yake.

Mfuatano huo unapovunjwa, twajua kinachotokea. Mwaka 1981, katika mkoa wa Nampula huko Msumbiji, ukame mkali uliwaacha watu na muhogo mchungu tu, na njaa haikuwapa siku za kungoja. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu. Ugonjwa huo waitwa konzo, neno la Kiyaka cha Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionekana pia mkoani Mtwara. Ukishampata mtu, ulemavu wake haurudi nyuma. Basi msidhani nazungumzia mambo ya kale kwa ajili ya kupendeza. Kitenzi kuvundika kikisahauliwa pale muhogo mchungu ungali ukiliwa, kuna mtoto atakayeacha kutembea.

Sasa niwapandishe mlimani kidogo. Juu ya Muheza, katika milima ile ile, kuna Amani, mahali ambapo Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902. Katika utawala wa Waingereza alikuwapo hapo mtaalamu aitwaye Storey, ambaye mwaka 1936 aliueleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya muhogo. Aliuona katika maeneo ya chini ya milima yetu. Ugonjwa huu una hila. Majani yaweza kuonekana mazima kabisa, na mkulima akalima, akapalilia, akangoja mwaka mzima. Siku ya kuchimba akipasua mzizi hukuta madoa makavu ya kahawia yaliyooza, chakula kisichofaa mtu wala mnyama. Huenezwa na nzi weupe, na huenezwa zaidi na sisi wenyewe tunapopeana pingili zenye ugonjwa.

Storey na wenzake wa Amani walianza kuzalisha mihogo yenye kuuhimili ugonjwa huo, wakiuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini na hata na mti mmoja wa mpira ulio wa ukoo huo. Kazi iliendelea hadi miaka ya 1950, kisha ikakoma. Mihogo ile haikuwa na majina, ilikuwa na namba. Mmojawapo uliitwa 46106/27. Wakulima waliupokea, wakaupanda, wakapeana. Miaka ilipopita, katika pwani ya Kenya ukajulikana kuwa ni Kaleso, na kusini mwa Tanzania ukajulikana kuwa ni Namikonga. Michirizi ya kahawia ilipoenea upya na watafiti wakatafuta mihogo inayoihimili, Kaleso na Namikonga zilikuwa miongoni mwa zilizosimama imara. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha kuwa hizi mbili ni kitu kimoja, na kwamba ni ile 46106/27 ya Amani.

Nimekitafakari kisa hiki mara nyingi. Programu iliyouzalisha muhogo ule ilifungwa, lakini muhogo wenyewe ulidumu kwa sababu watu wasiojua namba yake waliupa jina na kuupanda tena kila mwaka. Namba ilikaa katika karatasi za wataalamu. Jina lilikwenda shambani, sokoni na harusini, likavuka mpaka, likawa mawili. Sisi tunaobishana kila siku juu ya lahaja na usanifishaji tuna la kujifunza hapo: majina mawili ya kitu kimoja yaweza kuonekana kuwa ni fujo, kumbe ni ushahidi wa safari.

Nirudi sasa kwa dada yangu, maana ndiko swali langu liliko. Miaka michache iliyopita alipasua muhogo wa futari akaona madoa ya kahawia. Akapasua mwingine, na mwingine. Tulimwita afisa ugani, kijana mpole aliyemwamkia dada yangu kwa shikamoo kabla ya kugusa jani lolote. Alipita mstari kwa mstari. Mwishoni akasema maneno ambayo hakuna aliyependa kuyasikia: vyote vyenye ugonjwa ving'olewe, pingili zake zisipewe mtu, na mahali pake pawekwe aina mpya zenye ukinzani. Akaongeza, "Mama, najua hizi ni mbegu za wazee wako. Lakini ukizibakiza, utawaambukiza jirani zako wote."

Hilo ndilo swali nililolisema. Mihogo ile ilikuwa urithi, tena sehemu yake haikuwapo tena popote tulipopajua. Kuing'oa kulikuwa ni kuumaliza urithi, na kuiacha kulikuwa ni kuyaharibu mashamba ya wengine. Wapo watetezi wa mila ambao wangesema kuwa mtaalamu anatupora, na wapo watu wa maendeleo ambao wangesema kuwa bibi kizee anashikilia uchafu. Wote hao hawakuwapo shambani siku ile. Dada yangu alikaa chini ya mwembe muda mrefu. Kisha akasema, "Mbegu niliipewa nilishe watu. Ikiwa sasa yaua shamba la mwenzangu, si ile niliyopewa." Akachukua jembe.

Tuling'oa kwa siku mbili. Kati ya aina 11, tano zilionekana safi zikabaki. Sita ziliondoka zote. Kwa majuma kadhaa dada yangu hakupenda kwenda shambani.

Hapo ndipo nilipouona utunzaji wake wa kweli, ambao haukuwa katika daftari langu. Kwa miaka yote aliyolima, hakuwahi kumkatalia mtu pingili. Binti aliyeolewa aliondoka na mzigo, jirani aliyefiwa alipelekewa, mpita njia aliyesifu muhogo alifungiwa. Tukaanza kuwafuatilia waliopewa. Kwa mpwa wetu huko Handeni tuliukuta ule muhogo wenye jina la mama mkwe, umerudi kwenye wilaya ulikotoka. Afisa ugani alikwenda nasi, akachimba na kupasua mizizi kadhaa kabla ya kuturuhusu kukata pingili hata moja. Ilikuwa safi. Aina nyingine tuliipata kwa jirani aliyehama. Nne hatukuzipata, na mmoja kati ya hizo nne ni muhogo mchungu ambao dada yangu aliuona kuwa bora kuliko yote kwa makopa.

Kwa hiyo leo katika daftari langu nina majina manne yasiyo na mimea. Nimeyaandika kwa hati nzuri, nimeeleza maana zake, nimetaja kikonyo kilikuwa cha rangi gani. Siku moja nilimsomea dada yangu kurasa hizo. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umeandika vizuri, mdogo wangu. Sasa tule nini?"

Sikuwa na jibu, na sidhani kwamba alilitaka. Lakini sikubali kuwa kuandika ni kazi bure. Nafahamu tuna deni kubwa kwa waandishi wa kamusi. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, alikuwa pia mkusanyaji wa mimea, na kamusi yake ya mwaka 1939 imejaa majina ya miti na majani. Greenway alitoa huko huko kwetu kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, ambayo toleo lake la mwaka 1940 bado ni hazina. Nikizifungua kazi hizo nakutana na maneno ambayo sijayasikia kinywani mwa mtu. Ni jambo la heri kuwa yapo. Lakini kamusi nyingi hutuambia kwamba neno ni "aina ya mti" au "aina ya mboga", kisha zikafunga mlango. Aina gani? Huliwa sehemu ipi? Huchumwa lini? Ni nani aliyekatazwa kuigusa? Maana ya neno iko katika majibu hayo, na majibu hayo yako kwa watu ambao wengi wao wamekwisha kupita miaka 70.

Na kwa upande wa mbegu zenyewe, ziko ghala za kisasa. Kenya ina benki ya mbegu huko Muguga, Tanzania ina kituo chake cha taifa cha nasaba za mimea mkoani Arusha, na tangu mwaka 2008 iko ghala ya dunia huko Svalbard, Norwe, ndani ya mlima. Mtama, ulezi na kunde hukaushwa, hugandishwa na kungoja kwa miaka mingi. Muhogo hauna subira hiyo. Mkulima haupandi kwa mbegu kavu, huupanda kwa pingili, na pingili ikikaa bila udongo hufa. Kwa hiyo mihogo hutunzwa maabara ikiwa hai ndani ya vichupa, kama wafanyavyo huko Ibadan, Nigeria, au hutunzwa shambani kwa kupandwa tena na tena. Maabara haiwezi kubeba kila kilichoko vijijini. Sehemu kubwa ya kazi imebaki mikononi mwa watu kama dada yangu.

Naona katika hili mfano ambao watu wa ushairi wataufahamu kuliko wengine. Utungo wa kinywa haukai ghalani. Mwenye kuukariri akiacha kuusema, nao huisha, na aliyeupokea ndiye aliyeweza kuupeleka mbele. Nilipokuwa nikisomba pingili kutoka Handeni, beti moja ilinijia, nami naiweka hapa kama ilivyo:

Pingili haina ghala, ghala lake ni udongo,
Jina hulindwa kwa kula, si kwa kitabu na bango,
Mkulima akilala, jina hubaki uongo,
Gawa mbegu pasi hila, undugu uwe kiungo.

Ndugu zangu washairi, nina ombi kwenu, na si kubwa. Tumeimba asumini na waridi kwa karne nyingi, na sina ugomvi na harufu yake. Lakini mgagani una ua pia. Mchunga una uchungu wake unaotafutwa na mwenye homa. Mnavu, mlenda, kisamvu na matembele vimelea watoto wengi kuliko maua yote ya bustani, na havionekani katika tungo zetu ila kwa nadra. Mkivitia humo, msivitaje kama pambo. Muulizeni anayevichuma: huchumwa kabla ya jua au baada? Maji ya kwanza humwagwa au hunywewa? Beti itakayotokana na majibu hayo itakuwa na uzito ambao vina pekee haviwezi kuupa.

Na walimu wenzangu mlio bado darasani, mwanafunzi akikutana na maji ya kunde katika kitabu, msiridhike na maelezo ya ubaoni. Mwambieni aende nyumbani aombe kupika kunde, asimame hapo hapo mpaka zichemke, kisha aje aandike alichokiona. Insha moja ya namna hiyo hufundisha msamiati, utazamaji na adabu ya kumsikiliza bibi. Tumewazoesha watoto kudhani kuwa maarifa ya mimea ni somo la waliokosa masomo, na hilo lirekebishwe darasani, maana darasani ndiko lilikozoeleka.

Nalo daftari langu sijaliweka kando. Nimeongeza safu mbili katika kila ukurasa: moja ya kuandika nani kapewa pingili, nyingine ya kuandika mwaka. Dada yangu macho yake yamefifia, lakini bado hutambua kwa vidole, akilipapasa shina na kuhesabu macho yake. Wajukuu wawili sasa humfuata mistarini, na mmoja ameanza kusahihisha matamshi yangu ya Kibondei.

Ile aina mpya aliyoileta afisa ugani ina jina lake rasmi, limeandikwa kwenye karatasi aliyotuachia. Dada yangu aliipanda mahali palipokuwa pa ule mchungu. Alipoivuna mara ya kwanza aliichemsha, akaionja, akanyamaza kidogo, akasema haiungui upesi. Haikumaliza msimu bila kupata jina. Anaiita Mgeni, na jirani watatu wamekwisha kuja kuomba pingili za Mgeni.